Supu ya Kupeleka Nainokanoka

Nilikusudia kulala Karatu usiku mmoja tu, kisha niendelee na safari zangu. Ndivyo ninavyopita kwetu siku hizi, rafiki yangu, kama mtu aliyeacha gari linanguruma barabarani. Asubuhi nikatoka nyumba ya wageni kutafuta kitu cha moto, maana baridi ya kule haina adabu, nikamkuta mama mmoja karibu na stendi ameketi na sufuria yake ya supu, mvuke unapanda. Nikavuta kigoda. Akanitazama kabla ya kupakua.

"Dada, leo Ijumaa," akasema. "Ijumaa ya Kwaresima, Wakatoliki hawali nyama. Sikujui wewe ni wa wapi, nisije nikakutia dhambini bure. Ijumaa kama hizi wateja wangu ni Walutheri, Waislamu, na hawa vijana wa bodaboda wasioogopa kitu."

Nikacheka, nikamwomba chai. Lakini harufu ilikuwa imeshanipata. Vitunguu vya Mang'ola vina harufu yao, na mfupa uliochemka tangu alfajiri una harufu yake, na vikikutana katika baridi ya Karatu hakuna mlango unaoweza kuvifungia nje. Nilikunywa chai ile nikiwa nimekaa upande upande. Nilihisi kuna mahali nangojwa na nimeshachelewa. Nisamehe basi nikisimulia kwa haraka. Siku ninayoikumbuka yenyewe ilikuwa ya haraka.

Nilikulia Rhotia, kwenye mteremko ambao ukisimama uani asubuhi unauona mlima Oldeani umekaa upande wa magharibi kama ng'ombe aliyelala. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya foleni, sabuni na sukari na chumvi vikisikika redioni kuliko kuonekana dukani. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi na bati, na jiko lilikuwa kibanda cha peke yake, cheusi kwa moshi, chenye meko mawili ili vyungu viwili viweze kugombana. Baba alikuwa katekista wa kigango chetu. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa serikali.

Kabla sijazaliwa, mtawa mmoja Mzungu alikuwa amewafundisha akina mama wa parokia kuhifadhi chakula katika chupa. Zilikuwa chupa za kioo kinene, zenye mdomo mpana, kifuniko cha kioo, ukanda wa mpira na waya wa kubana. Mtawa aliondoka, chupa zikabaki. Ukanda wa mpira ulipozeeka, baba alikata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli, akauchemsha mpaka harufu ya barabara ikauacha. Tulihifadhi nyanya, maharage mabichi, na mara chache, tukipata nyama, supu. Chupa zilipangwa ndani ya debe lenye kitambaa chini, maji yakazifunika, moto ukakolezwa. Saa hatukuwa nayo. Mtawa aliwaambia akina mama wapime kwa rozari, kila kitu na rozari zake, na kwamba nyama ni mkaidi kuliko vyote, isaliwe rozari tatu bila kukimbiza Salamu Maria hata moja. Akawaonya pia kwamba chupa iliyoachia kifuniko imwagwe mbali na mbwa, na iliyo nzima ichemshwe tena sana kabla ya kuliwa. Hivyo sisi watoto tulijua kusali kabla ya kujua kusoma, na hata leo nikisikia watu wanasali rozari nawasikia na maji yakitokota chini yake.

Sasa nikueleze habari ya dada, maana supu ya siku ile ilikuwa yake.

Dada yangu mkubwa aliolewa na mwalimu, na mwalimu akapangiwa shule ya Nainokanoka, juu kule ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, ambako majirani ni wafugaji wa Kimaasai na ukungu unaingia mpaka chumbani bila kubisha hodi. Mimba yake ya kwanza alikuja nayo nyumbani, ajifungulie mikononi mwa mama. Mtoto hakuishi. Ndipo bibi akaishika desturi ya zamani ya sisi Wairaqw. Mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga hukaa kando kwa kipindi. Hali chakula na wengine, wala hasogelei moto wao, msiba wake usije ukaambukiza nyumba na mifugo.

Baba alimwambia, "Mama, sisi ni watu tuliobatizwa."

"Mimi nimebatizwa kabla yako," bibi akamjibu. "Sikuambiwa nisahau."

Baba akanyamaza. Mama akanyamaza. Dada akalazwa kibanda cha ndama, maziwa yakimtoka na hana wa kumnyonyesha, na chakula analetewa mlangoni. Mimi ndiye niliyekipeleka. Niliambiwa niweke chini nirudi, nisikae. Niliweka chini, nikarudi.

Siku aliyoondoka hakumuaga bibi. Alimwambia mama peke yake, pale kwenye ua wa minyaa, "Nikipata mtoto mwingine sitamleta hapa. Hata ikiwa ni kufa, nitafia kule kule." Akapanda lori la unga, na tangu hapo hatukumwona. Salamu zilikuja kwa mdomo wa dereva wa lori hilo, fupi fupi, kama za mtu anayelipa kodi.

Kisha, mwaka huo ninaousema, dereva akaleta neno kutoka kwa mwalimu, si kwa dada: mkewe ni mjamzito tena, atajifungua mvua zikiwa zimeshika. Mama aliposikia alikaa chini pale pale barabarani. Unajua maana ya mvua za masika kwa njia ile? Lori halipandi. Ukishapita geti la hifadhi na kuanza ukingo wa kreta, udongo mwekundu unageuka sabuni, na Nainokanoka inakuwa kisiwa. Mzazi wa kule atakula nini? Maziwa na uji, ndiyo, na wale akina mama wa Kimaasai wasingemwacha. Lakini kwetu mzazi asiyepata supu ya mama yake ni kama hakuzaa kwa watu. Na mama asingeweza kwenda. Mdogo wetu alikuwa bado ananyonya na kifua kinambana. Zaidi ya hayo hakuitwa, na kwa lile neno la kwenye minyaa aliogopa kugeuziwa mlango.

Bibi alisikia habari zote. Siku iliyofuata alitoka na fimbo yake kwenda kwa ndugu zake Mbulumbulu, akarudi na kijana amebeba miguu miwili ya ng'ombe na mifupa ya mgongo ndani ya gunia. "Pikeni," akasema, akaingia ndani.

Lori la mwisho kabla ya mvua lingepita mchana wa Ijumaa. Hatukuchagua sisi. Ijumaa ya Kwaresima, nyumba ya katekista, na uani miguu ya ng'ombe inababuliwa manyoya. Wapita njia waligeuza shingo. Baba aliwaeleza mmoja mmoja kwamba kupika si kula, mpaka akachoka, akaondoka kwenda barabara kuu kulingojea lori, lisije likatupita.

Mama aliamka kabla ya jogoo. Nilipoingia jikoni nilikuta mifupa inachemka na yeye anakata vitunguu huku anasikiliza nje. Kila ngurumo ilikuwa ama lori ama mvua, na zote mbili tuliziogopa. Oldeani ulikuwa umevaa wingu mpaka kiunoni. Mimi nilitumwa maji, nikarudi, nikatumwa kuni, nikarudi, nikatumwa karoti, nikarudi, nikaambiwa mbona umesimama. Maharage yalitiwa, viazi vikatiwa. Povu lilienguliwa mara kwa mara, maana mtawa alisema supu chafu haikai. Na juu ya meko ya pili maji ya kuchemshia chupa yalikuwa yanaunguruma, na bibi ameketi kwenye gogo lake na rozari mkononi, anachochea kuni kwa mguu.

Nyama ilikuwa imelainika hata ikauacha mfupa yenyewe. Matumbo yetu yalilia. Tulikuwa hatujala kitu ila uji bila sukari, na kwa sheria ya bibi kila aliyepokea Komunyo ya kwanza alikuwa mtu mzima mbele ya Ijumaa. Baba aliwahi kumwambia kwamba Kanisa haliwafungi watoto hivyo. Bibi akasema Kanisa liko parokiani, hapa ni nyumbani.

Mama alianza kujaza chupa. Alikuwa amejaza karibu nusu ya zile zote, bibi alipokung'uta kitambaa chake mlangoni. Kilikuwa kile kitambaa alichofungia chumvi yake, chumvi ya ziwa Eyasi aliyouziwa na wapitaji, ambayo aliificha hata baba asiijue.

"Imekwisha?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimemtilia yote," bibi akasema. "Mzazi asile kitu cha chapwa."

Upawa ukasimama hewani. "Umetia lini, mama?"

"Ulipokwenda kuchuma majani ya maboga."

"Mimi nilitia alfajiri." Mama alisema polepole, kama mtu anayehesabu hatua gizani. "Ile ya foleni. Yote. Nilikuwa nimemwekea."

Huko nje jogoo mmoja mpumbavu akawika. Nyumba nzima haikuwa imeonja kijiko kimoja, mimi wala mama wala bibi, na kila mmoja wao alikuwa ameitoa chumvi yake ya siri kwa ajili ya mtoto yule yule. Nilitazama zile chupa. Zilikuwa nzuri, zimetulia, hazisemi.

"Labda si nyingi," mama akasema.

"Labda," bibi akasema.

Mama akatoka mbio mpaka kwenye ua na kumwita jirani. Jirani yetu alikuwa Mlutheri, mama mnene wa maneno mengi, na yeye na bibi walikuwa wakitaniana tangu ujana kama watu wanaorushiana magunzi. Alikuja anajifuta mikono.

"Leo Wakatoliki wamekwama wapi?" akauliza kabla hajafika. "Mnapika nyama msiyoijua ladha, kazi kwetu!"

"Onja, usihubiri," bibi akamwambia.

Akachota, akapuliza, akanywa. Macho yakamtoka. Akatema nje ya mlango, akashika kifua. "Bwana Yesu! Hii ni ya kupikia watu au ya kulambisha ng'ombe? Mkimpa mzazi hii atakauka kama ubao!"

"Uongo," bibi akasema. "Huyu kwao hawajui chumvi. Miaka yote hii namlia mboga yake kama nakula nyasi."

"Haya, basi nani mwingine aonje? Mwite Padre!"

Mama alianza kulia kwa ile namna ya mtu asiye na nafasi ya kulia, anajifuta kwa bega huku mikono inaendelea. Angemwamini nani? Akiongeza maji na jirani ametania, supu inakuwa maji ya kuoshea vyombo. Akiacha na jirani amesema kweli, mtoto wake atafungua chupa ya kwanza, atatema, na atasema hata hili wamenifanyia. Tena si ajabu angesema wamekusudia. Mama aliuchukua upawa. Akautazama. Niliona midomo yake inasogea, sijui alikuwa anaomba ruhusa au msamaha.

Bibi akasimama. Si jambo dogo, bibi kusimama. Magoti yake yalikuwa na maoni yao. Akamnyang'anya mama upawa.

"Wewe una mtoto anayenyonya," akasema. "Usimnyonyeshe dhambi."

"Mama, acha, leo Ijumaa..."

"Najua siku."

Akafanya ishara ya msalaba, pana, taratibu, kama anavyofanya kanisani ili watu waone. Akanywa. Hakutema. Alimeza yote, akafumba macho. Yule bibi nilimjua amelala na homa siku ya Ijumaa Kuu akakataa hata kikombe cha maziwa.

"Ng'ombe angeshukuru," bibi akasema hatimaye.

Kisha akamtazama mama, si jirani, si mimi. "Ile desturi nyingine niliishika," akasema. "Unajua niliishika. Hii nimeiachia."

Mama aligeuzia uso kwenye moshi.

Usidhani tulikaa kutafakari. Tulizimimina chupa zote kurudi sufuriani, tukagawa supu katika vyombo viwili, tukatia maji ya moto. Jirani alikuwa ameshatoweka na kurudi na ungo wa viazi na chungu cha maharage aliyoyachemsha kwa ajili ya chakula chake cha jioni, yasiyo na chumvi. "Si unasema kwetu hatujui chumvi?" akamwambia bibi. "Leo utaujua uzuri wake." Akakaa chini, akamenya bila kuombwa. Bibi alionja tena, na tena. Kila mara alifanya ishara ya msalaba, mpaka jirani akamwambia, "Bibi, fanya moja kubwa itoshe zote." Na bibi, nakwambia, akacheka.

Chupa zikajazwa upya, mipira ikavishwa, waya zikabanwa, debe likawekwa motoni. Tukapiga magoti kwenye vumbi la jiko na rozari ikaanza. Jirani naye alibaki, anachokoa kucha zake, akisema atajibu zile sehemu zilizo kwenye Biblia.

Tulikuwa katika rozari ya pili lori lilipopiga honi.

Baba aliingia anahema. "Limefika! Dereva anasema geti litafungwa, na tazameni mbingu!" Nyuma yake dereva mwenyewe, mtu wa Kondoa, mrefu, kofia ya kushona kichwani. "Shikamooni. Akina mama, njia inaniita. Nipeni mzigo."

"Marahaba. Bado," bibi akasema, na kuendelea.

Mama akaanza kusali mbio, maneno yanakanyagana. Mimi nikamfuata, ulimi wangu unajikwaa. Bibi akanyanyua mkono. "Tumekwisha kuharibu mara moja kwa haraka," akasema. "Rudieni fumbo hili, Salamu Maria zote kumi."

Dereva akamwangalia baba. Baba akaangalia chini. "Bibi," dereva akasema kwa upole, "kwani Mungu wenu hana saa?"

"Anayo. Ndiyo hii tunayoitumia. Keti."

Akaketi. Alitoa sigara, akafikiri, akairudisha mfukoni. Wingu la Oldeani lilikuwa limetushukia hata bati likaanza kulia tone moja moja, na sisi tunatembea Salamu Maria kwa Salamu Maria kama watu wanaovuka mto kwa mawe. Sijawahi kusali vile tena. Sijawahi kutaka kitu kiishe na kisiishe kwa pamoja kama siku ile.

Tulipomaliza, chupa zilitolewa kwa vitambaa, zikapangwa ndani ya boksi lenye majani makavu na blanketi. Baba akalibeba. Mama alianza kumwagiza dereva: umwambie achemshe sana, umwambie amwage itakayoachia, umwambie... Akakwama. Umwambie nini kingine? Dereva alikuwa mtu wa kufikisha unga.

Wakati huo bibi alikuwa amejifunga shuka lake jekundu la baridi na kuchukua fimbo.

"Mama, unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Kule."

"Nainokanoka? Mvua ikishika huwezi kurudi mpaka masika yaishe! Huna hata nguo!"

"Chupa zitamwambia nini?" bibi akasema. "Inyanyue miguu yangu, usisimame kama nguzo."

Alikuwa hajawahi kupanda gari la aina yoyote. Baba na dereva walimwinua mpaka kwenye kiti cha mbele, wakampa boksi akalipakata. Lilikuwa la moto, alilalamika kwamba linamchoma mapaja, na alipoambiwa liwekwe nyuma akakataa. Jirani alisimama na chungu cha ile supu iliyozidi, ambayo sisi tusingeweza kuigusa mpaka kesho. "Kwaresima yenu iendelee hivi hivi!" akapiga kelele. Lori likaondoka. Mama alilifuata mpaka kona, mtoto mgongoni, kisha akasimama kwenye mvua kama mtu aliyesahau kazi aliyotumwa.

Masika yalishika usiku huo. Njia ikafungwa, na hatukusikia lolote.

Sijui nikuelezeje zile wiki. Mama hakuwa mtu wa kukaa, lakini sasa hata kusimama hakuweza. Aliacha jembe katikati ya mstari. Alitoka kitandani alfajiri kwenda barabarani, hakuna gari, akarudi, akaenda tena. Pasaka ilikuja ikapita na kiti cha bibi kanisani kiko wazi. Baba alisema hakuna habari ni habari njema, na kila mara aliposema alitazama upande wa Ngorongoro. Nami nilianza kuwa mtu wa barabara. Nadhani niliupata ugonjwa wangu hapo, wa kusikia injini mbali na mwili wote kuinuka.

Njia ilipokauka lori lilikuja mchana wa jua kali. Dada alishuka kwanza. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume, mnene, amelala mdomo wazi. Nyuma yake akashushwa bibi, amekonda, anamgombeza dereva kwa mashimo ambayo hakuyachimba.

Dada mwenyewe alitusimulia, tukiwa jikoni, mama amembeba mjukuu na hataki kumpa mtu. Bibi alifika Nainokanoka jioni ile ile, amelowa. Mwalimu ndiye aliyefungua mlango. Dada alikuwa kitandani, akageukia ukutani. Bibi hakuomba radhi. Sikuwahi kumsikia akiomba radhi kwa maneno maisha yake yote. Aliwasha moto, akafungua chupa moja, akaichemsha sana kama alivyoagizwa, akamimina katika bakuli moja na kutafuta kijiko kimoja. Akakaa kitandani, pembeni ya tumbo la dada. Akanywa yeye kwanza, na ilikuwa bado Ijumaa. Kisha akampa kile kile kijiko.

"Nilikitazama kijiko," dada akasema. "Nikakitazama sana. Mwisho nikanywa."

"Ukasemaje?" mama akauliza.

"Nilimwambia bado ina chumvi."

Bibi, kwenye gogo lake, alichochea kuni kwa mguu. "Nami nikamwambia angeionja ya mwanzo," akasema.

Mtoto alizaliwa kwenye mikono ya bibi na ya mama mmoja wa Kimaasai, hawaelewani hata neno, na supu iliyobaki ilimkuta mzazi ni nzima isipokuwa chupa moja iliyoachia, ambayo bibi aliimwaga mbali na mbwa.

Yote hayo hayapo, rafiki yangu. Bibi alikwenda, kisha baba, kisha mama. Mdogo wetu amebomoa jiko, amejenga vyumba vya wageni vyenye maji ya moto na neti nyeupe. Ua wa minyaa ni ukuta wa tofali wenye vigae vya chupa juu, na jirani wa leo simjui jina wala dhehebu. Chumvi iko kila duka, rahisi, na hakuna anayemfichia mtu.

Sikuondoka siku ile kama nilivyopanga. Mpwa wangu, yule yule aliyezaliwa kule juu, sasa ni mtu mzima anayeendesha watalii, na alikuwa na siku moja bila wageni. Akanipandisha na gari lake. Njia ile iliyokuwa ikitutenga na dada masika yote aliimaliza huku ananisimulia habari za mpira. Nami nikamsimulia siku ya supu. Alisikiliza vizuri, ni kijana mwenye adabu, kisha akauliza, "Lakini mama mdogo, si bibi angepiga simu tu, yakaisha?"

Nikamwambia kulikuwa hakuna simu. Nilijua halikuwa jibu.

Nyumba ya mwalimu haipo. Alinionyesha mahali: nyasi fupi, mavi ya ng'ombe, ukungu unapita chini chini. Nilisimama pale nikajaribu kumwona bibi kizee asiyejua Kimaasai wala baridi ile, hana nguo ya kubadili, anaamka kila asubuhi kwa mjukuu ambaye yeye mwenyewe alimkosea, na mvua hainyamazi. Mpwa wangu alikuwa ameliacha gari linanguruma. Mimi nimekaa Arusha, nimekaa Mwanza, Tabora na Mtwara, nimepikia kambi na hoteli na nyumba za watu, na kila mahali niliposhindwa kusema neno moja na mtu niliyemkosea nilifunga mzigo kabla mambo hayajawa mazito. Bibi alikaa huku masika yote. Mimi sijawahi kukaa mahali mpaka mvua ikaisha.